Ndege Imeshindwa Kunibeba

Jamani, leo ndege imeshindwa kunibeba mimi!

Msicheke kwanza.

Bwana wangu mnamjua. Siku za kazi anapima mawe ya dhahabu mgodini, Jumapili anarusha kindege chake kwa starehe, na mimi namfukuzia ng'ombe uwanjani. Tanganyika nzima hakuna anayewafukuza kama mimi.

Sasa mgodi umemwachisha kazi. Leo kahamia Nairobi, na aliahidi kunichukua nikamtunzie ndege.

Nikapanda na koti la harusi. Mke wangu akanipakatisha gunia la michembe, viazi vikavu vya njiani.

Tukakimbia uwanja mzima. Wapi! Matope ya mvua ya jana.

Bwana akatupa gunia nje. Tukakimbia tena. Wapi! (Mifupa yangu mizito, mnajua.)

"Shuka. Pole sana."

Nikashuka. Kindege kikapaa palepale, hakikugeuka.

"Baba Kulwa," mke wangu akasema, "si juzi uliacha kazi yako ya mgodini, ukamtukana na nyapara wako?"

Nilimtukana. Tena mbele ya watu wote.

Nani kati yenu ataniombea msamaha kwa nyapara, anirudishe kazini? Mimi nimeshakwenda. Hakunifungulia hata mlango.