Kuni Zilizochipua Mbele ya Bwana Misitu

Jamani, mmewahi kuona kuni zikiota majani?

Mimi nimeziona. Tena mbele ya wageni.

Kikundi chetu kinatengeneza mkaa mbadala. Serikali ilitupa mashine, na bwana misitu akaturuhusu kuokota matawi yaliyoanguka kwenye msitu wa umma. Sharti ni moja: mkikata mti mbichi, kibali kinafutwa na mashine inarudi.

Mwenyekiti ni mimi. Mdomo ninao, ndiyo maana nilichaguliwa.

Wiki iliyopita bwana misitu alileta wageni waamue kama tuongezewe tanuri la kukaushia kuni. Nikawazungusha karakana nzima, kifua mbele, mpaka nyuma kwenye rundo letu.

Mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo. Upande mmoja wa rundo ulikuwa umechipua majani ya kijani kibichi.

Bwana misitu akavunja tawi moja. Likatoa utomvu.

"Mwenyekiti, hizi zimekatwa mbichi. Nani kazileta?"

Nyumba nyingi zinakula kupitia ile mashine, na wanakikundi wote walikuwa wananitazama mimi. Pembeni alisimama mwendesha mashine wetu, tunamwita Taratibu kwa sababu hana haraka na lolote. Najua si mtu wa kubisha.

Basi, likanitoka.

"Ni huyu. Nilishamwonya."

Uongo mtupu. Nami nikaongeza chumvi, nikasema tunamfukuza leo leo, akabidhi funguo palepale. Taratibu akazitoa mfukoni, akaniwekea kiganjani.

Hapo ndipo mama mkwe wangu akapenya katikati ya watu. Huyu ni mama ambaye hata kukohoa mbele yake naona soni.

"Mwanangu, kuni hizo ni zangu," akamwambia bwana misitu. "Nimekata miti ya ua wa kwangu. Mkwe wangu alikuja kulalamika rundo ni dogo, wageni watamcheka. Nikaona nimsitiri, nikazichanganya humo bila yeye kujua."

Anisitiri! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walikwenda kwake, wakakuta ua una pengo. Kibali kikabaki, tanuri tukaahidiwa, watu wakapiga makofi. Sikuweza kuinua uso.

Jioni nikampelekea Taratibu funguo zake. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, mkewe akaniletea maji. Nikamwomba radhi mpaka sauti ikakauka.

"Nimekusamehe, mwenyekiti," akasema. "Ila siwezi kufanya kazi mahali ambapo mkubwa akiogopa, ananitaja mimi."

Nikarudi na zile funguo.

Ndugu zangu, bwana misitu aliuliza swali jepesi, na jibu la kweli lilikuwa "sijui". Mwenyekiti mzima niliona haya kulisema. Ukibanwa, sema hujui. Aibu yake inapita siku hiyo hiyo. Hii yangu nakula nayo, nalala nayo.