Mawese Yangu na Sokwe Wekundu

Binti yangu alirudi nyumbani kwetu Garland, huku ughaibuni, kutoka bustani ya wanyama akiwa na hasira. Alisema huko Asia misitu inakatwa ili ipandwe michikichi ya mawese, na orangutani, wale sokwe wekundu, wanakosa pa kuishi. Kabla sijavua viatu vya kazi, alikuwa ameshaficha kidumu changu cha mawese.

Nilifoka. Sombe, majani yetu ya muhogo, bila mawese ni majani ya mbuzi! Tukaila hivyo siku tatu, na kila tonge nikajiuliza kama kweli nimekuwa nikila makao ya mnyama.

Jumapili baada ya ibada nikampigia simu dada yangu aliyeko kwetu Fizi, aliyenitumia kidumu kile, nikamuuliza mawese yale yalitoka msitu gani. Alicheka.

"Hayo nimeyakamua mwenyewe, kwenye michikichi aliyopanda baba nyuma ya nyumba. Msitu gani nimekata?"

Nikashusha pumzi. Binti, aliyekuwa akisikiliza, akarudisha kidumu. Kisha akageuza pakiti ya biskuti zake, akasoma. Nazo zilikuwa na mawese, ila pakiti haikusema yametoka wapi.

"Wapigie na hao wenye biskuti," nikamwambia nikipakua sombe. "Waulize michikichi yao ilipandwa nyuma ya nyumba ya nani."