Mwalimu Crisanta na Samaki Asiye na Jeraha

Mwalimu Crisanta Yburan hakuwa na subira na vitabu. Somo lake la sayansi lilianzia mezani: alileta kitu cha hapa kisiwani kwetu, akakiweka, akanyamaza hadi watoto wabishane wenyewe. Mimi hukaanga ndizi chini ya dirisha la darasa lake, kwa hiyo nimesoma darasa la sita mara nyingi kuliko mtoto yeyote. Alikuwa mjeuri, na nilimpenda kwa hilo.

Siku moja alileta samaki, kibua, kutoka sokoni. Ngozi nzima, inang'aa. Alipompasua, uti wa mgongo ulikuwa vipande na matumbo yamekuwa uji.

"Nani kamuua huyu?"

"Baruti!" darasa zima likapiga kelele.

"Mbona haikumchubua?"

Wakabishana mpaka wakafika wenyewe: mshindo husafiri majini, na ukikuta mahali penye hewa ndani ya mwili, hupapasua. Ndipo akasimama Neneng, binti wa Teroy, mvuvi wa baruti.

"Mwalimu, na mtu akiwa chini?"

"Mapafu yana nini ndani?"

Neneng akakaa.

Kaka yake, Undo, ndiye aliyekuwa akizamia kuokota samaki wa baba yao, mdomoni mpira mrefu wa kuvutia hewa kutoka chomboni. Na wazamiaji wetu hawasubiri vyombo vingine vimalize kutupa chupa zao za baruti, maana ukichelewa jirani anakuzolea samaki. Upumbavu mtupu, na sote tuliuona wa kawaida.

Jioni ile Neneng aliukata mpira wa hewa kwa panga. Teroy akamcharaza kwa kipande cha mpira uleule hadi mgongo ukachanika. Asubuhi Teroy akaja shuleni na panga.

"Wewe mwanamke! Nani kakutuma uwafundishe wanangu kunidharau?"

"Nimefundisha samaki, Mzee Teroy. Weka hilo panga chini, kuna watoto hapa."

"Ngoja nikuonyeshe samaki!"

Mwalimu alikinga uso kwa mkono. Vidole viwili vikaanguka sakafuni. Watoto wakaruka madirishani wakipiga mayowe. Undo, aliyekuwa amemfuata baba yake, akaingia mbio, akamkaba, akambamiza ukutani mpaka panga likamtoka.

"Undo," Mwalimu akasema, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, "usizamie leo. Wala kesho."

Teroy akatema damu, akacheka. "Haya, kajifiche ndani ya sketi yake! Watu wote hawa wanakuona."

Kweli, watu walikuwa wamejaa uwanjani. Kwetu, kijana aliyeitwa mwoga na baba yake hadharani hana pa kuweka uso. Undo alimwachia, akaenda pwani kuunga mpira. Nilimwita kwa jina, hakugeuka.

Mchana, Undo akiwa chini ya maji, chombo cha jirani kikatupa chupa yake. Walimlaza ufukweni, amekufa, hana hata mkwaruzo. Teroy hakukubali. Alimtikisa, akamtukana aamke, akaagiza aletewe kahawa ya moto.

"Hana jeraha! Nionyesheni jeraha liko wapi!"

Akaanza kumzaba makofi usoni, kulia na kushoto, huku machozi yakimtoka. Wanaume wazima tulisimama tukitazama. Neneng akaja taratibu, mgongo umevimba, akaushika mkono wa baba yake.

"Inatosha, Baba. Huyu usimpige."