Wembe wa Kuhani

Nilichagua kuwa kuhani kwa sababu kuhani hukaa nyuma. Hata katika mchezo wa kubuni, ambapo mtu anaweza kuwa shujaa, jini au mfalme, mimi nilitafuta kazi ya mtu asiyetoka nyumbani. Wenzako wanakwenda kupigana. Wewe unangoja warudi uwafunge vidonda na kuwaombea. Nikaona maisha yamenyooka.

Tulicheza Jumapili mchana, kwangu Sindo, kwa sababu Jumamosi ya mwamuzi wetu ilikuwa ya kanisa na kwa sababu mimi siendi kwa mtu. Mwamuzi alikuwa nesi wa zahanati. Yeye ndiye aliyetusimulia ile dunia ya mapango na majoka. Sisi tulisema tunafanya nini, kisha dadu la pande ishirini likaamua kama tumeweza. Tulimwita Sista hata akiwa bila sare. Jirani yangu, muuza omena, wale dagaa wa ziwa letu, alikuwa askari mwenye upanga. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu kule Kegonga, alikuwa mwizi mwenye miguu myepesi.

Sheria ya Sista juu ya kuhani haikuwa na mjadala: habebi silaha yenye makali, na hamwagi damu ya mtu. Akiimwaga, uwezo wa kuponya unamtoka papo hapo. Rungu ruhusa.

"Na rungu likimpasua mtu kichwa?" jirani aliuliza siku ya kwanza.

"Hiyo inavujia ndani," Sista akasema. "Hatuihesabu."

Nilipoandika kwenye karatasi vitu vya begi langu la kuhani, nikaongeza wembe. Mganga gani hana wembe? Sista aliufikiria, akaukubali, lakini wa kunyolea wafiwa tu. Tangu hapo jirani akaniita Kinyozi.

Kuponya kwenyewe sikukuweza sana. Shemeji alikuwa amenifia mikononi mara mbili. Mwizi wake wa kwanza alikufa nikiwa nimesahau kwamba dawa ninayo. Wa pili nilimpa sumu nikidhani ni dawa. Jumapili ile alisema kabla hata ya kuketi:

"Shemeji, huyu wa tatu akifa, mimi nimestaafu. Kutoka Kegonga hadi hapa kuja kuzikwa kila mara? Hapana."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Bila yeye mchezo haukuwepo, na bila mchezo hakuna aliyebisha mlango wangu ila kuku.

Chai ilikuwa imepoa tulipofika kwenye ziwa la Sista. Nyoka wa vichwa viwili alimuuma mwizi juu ya kifundo, mwizi akaanguka kutoka mtumbwini, na mguu huohuo ukanaswa na wavu uliotelekezwa majini. Upanga wa jirani ulikuwa umezama ndani ya nyoka.

"Mmebaki na zamu moja," Sista akasema. "Baada ya hapo maji yanamfunika."

Wote wakanigeukia.

"Naupiga wavu rungu," nikasema.

"Yawa!" Jirani alishika kichwa. "Wavu unapigwa rungu? Wewe umewahi kutoka nje ya nyumba hii? Na ziwa liko hapo tu!"

"Hiyo sijaisikia," Sista akasema kwa huruma. "Sema tena."

"Wembe," shemeji akanong'ona.

"Wembe ni wa kunyolea," Sista akakumbusha.

"Lakini wavu hauna damu, Sista," nikasema.

Aliinamisha kichwa kidogo. "Kweli. Ila umemkaza mguu. Tupa dadu. Ukipata kumi au zaidi, umekata nyuzi tupu. Chini ya hapo umekata na nyama, damu imetoka, ukuhani umekwisha. Na sumu bado imo mwilini mwake."

Nilishika dadu mpaka likalowa jasho. Jirani hakunitania, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Nikatupa. Likagonga kikombe, likazunguka, likalala.

Nne.

"Damu imetoka," Sista akasema, kwa ile sauti anayowapa jamaa za wagonjwa.

Shemeji alisimama, akatia mkono mmoja kwenye koti. Wa pili ukasita.

"Sista, amenikata wapi?"

"Juu ya kifundo."

"Na nyoka aliniuma wapi?"

"Hapohapo."

"Basi hajanikata. Amenichanja. Kwetu mtu akiumwa na nyoka anachanjwa palepale, dawa inapakwa ndani."

"Zahanati tunakataza kabisa mambo hayo!"

"Zahanati yenu inaletewa watu walioumwa na nyoka wa vichwa viwili?"

Jirani alifunika mdomo kwa leso. Shemeji hakumwachia Sista nafasi. "Wale watoto wanaoletwa kwako na mama zao, unawafanya nini?"

"Nawachanja."

"Tone la damu halitoki?"

Sista aliangalia dadu, akaliangalia koti lililoning'inia upande mmoja, kisha akaniangalia mimi kwa muda ambao sikuupenda.

"Linatoka," akasema. "Kuhani, dawa unayo? Safari hii uangalie vizuri."

Nilipekua karatasi yangu. "Ninayo. Hii si sumu."

"Basi paka, kabla sijaghairi."

Shemeji alitoa mkono kwenye koti, akaketi.

"Kinyozi," jirani akasema, "nawa mikono kwanza."