Sanduku la Baba, Barabara ya Kilosa

Wiki iliyopita mwanangu alinikuta barazani nikichambua mchele, hapa hapa Mikumi, akaniomba nimsaidie kidogo. Siku hizi ana gari refu lenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, analikodisha kwa watu wanaopenda kulala porini. Safari hii wageni wake walitaka kwenda mbali, mahali ambapo gari likikuharibikia hata mtandao haushiki. Alitandika turubai uani, akamwaga zana na vipuri juu yake, akashika simu yenye orodha.

"Mama, wewe niangalizie tu," alisema. "Nikitaja kitu, niambie kama kipo."

Akataja jeki, nikasema ipo. Akataja mkanda wa feni, nikasema upo. Akataja paipu ya rejeta. Niliiona pale mbele ya miguu yangu, nyeusi, mpya, bado imefungwa karatasi ya dukani, lakini neno likagoma kutoka. Akarudia. Nikainuka, nikaingia ndani, nikamwacha akidhani nimekumbuka mboga jikoni.

Yeye sijamweleza. Nitakueleza wewe, maana mimi na wewe tumefika umri wa kuambiana mambo haya.

Nilikulia Kilosa mjini, lakini ukiniuliza nyumba niliyoipenda utotoni, nitakutajia gari. Baba alikuwa na kibasi kikuukuu alichokinunua kikiwa hakitembei, akakifufua mwenyewe kwa miezi. Aling'oa viti vyote vya nyuma, akapigilia kitanda cha mbao upana wote wa gari, na chini ya kitanda zikakaa sufuria, bakuli za bati, birika na vikombe ambavyo yeye na mama waliviuza minadani. Likizo za shule zilipofika tulifunga nyumba, tukahamia humo wote wanne: baba, mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wangu wa kike wa miaka minne.

Tulizunguka na minada. Mamboya tulipanda polepole, gari likikohoa, hadi kwa bibi yetu mzaa baba, ambaye alitusemesha Kikaguru na kukataa kuelewa Kiswahili chetu mpaka tumwamkie kwanza kwa lugha yake. Alitupikia maharage ya nazi ya mlimani, kama alivyoyaita, ambayo hayakuwa na nazi hata chembe. Yalikuwa na karanga. Munisagara tuliegesha karibu na reli, na treni ilipopita sufuria zote chini ya kitanda ziligongana, mdogo wangu akacheka mpaka akapata kwikwi. Ruhembe hewa ilikuwa na harufu ya miwa iliyochomwa, na masizi yalitudondokea kwenye chai. Na njiani kati ya Mikumi na Kilosa kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Shule zilipofunguliwa niliwaambia wenzangu kwamba likizo nilikwenda Ulaya mara tatu, na sikuwa nimesema uongo.

Barabara zenyewe unazijua. Unaweza kukaa nusu siku usione gari jingine. Kwa hiyo kabla ya kila safari baba alipanga sanduku lake la dharura, na kazi hiyo tuliifanya yeye na mimi. Lilikuwa sanduku la mbao la kijani lenye vipini vya kamba. Alitandika gunia uani, akamwaga kila kitu, akaita kimoja kimoja, nami nikamkabidhi. Vizito chini: jeki, spana za kila namba, nyundo, pampu ya upepo. Juu yake mkanda wa feni, plagi, fyuzi, viraka na gundi yake, paipu mbili za rejeta, moja ya juu na moja ya chini. Juu kabisa vile ambavyo watu hawavidhanii: vipande virefu vya mpira wa tyubu vya kufungia chochote kilichopasuka, waya laini, kipande cha sabuni ya kufulia cha kuziba tangi la mafuta likitoboka, na chupa ya manjano ya unga aliyomnyang'anya mama jikoni, kwa sababu manjano ukiyatia kwenye rejeta inayovuja, huganda kwenye tundu na kukufikisha nyumbani.

Nilijua kila kitu kilipo hata nikiwa nimefumba macho. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu udereva, alipenda kuja kutazama akisema hajawahi kuona mtoto wa namna hii. Nami kichwa kilivimba. Baba alikuwa na msemo wake, aliurudia kila alipofunga kifuniko: "Anayesafiri na sanduku haombi lifti." Mama alimwambia hayo ni maneno ya majivuno. Baba akacheka.

Na kweli halikutuangusha. Nimemwona akiziba tangi kwa sabuni, akifunga springi iliyokatika kwa kipande cha mti na mpira, akiwasaidia hata wenye magari makubwa waliokwama na hawana kitu isipokuwa redio. Walipotaka kumlipa alikataa. Nadhani malipo yake yalikuwa ule uso wao, wakilitazama lile sanduku.

Sasa nikuambie siku yenyewe.

Tulikuwa tunatoka mnada wa Ruhembe kurudi nyumbani. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha wiki chache nyuma, majani yamefunika pande zote mbili za barabara, na matairi ya malori yalikuwa yamechimba mifereji mirefu. Mdogo wangu alikuwa amelala na homa. Asubuhi mama alimpa dawa ya kutuliza, akatulia. Tulipofika Mikumi mama alisema tusimame apimwe, lakini mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anakula ndizi, anauliza kama tembo watakuwepo. Mama alimshika paji la uso, akasema basi, atapimwa Kilosa, tutakuwa karibu na nyumbani. Hilo lilikuwa la mama. Najua kwamba alilibeba hadi mwisho.

Tulipoipita Ulaya, homa ilipanda upya. Alikataa maji. Alilala juu ya mapaja ya mama, macho nusu wazi, akihema haraka haraka. Baba akaongeza mwendo. Hatukwenda mbali, tukasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, mvuke mweupe ukafunika kioo chote, gari likasimama lenyewe katikati ya mifereji.

Baba hakushtuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, alivyokuwa mtulivu. Aliinua boneti, akaangalia, akarudi akasema paipu ya chini imepasuka, si kitu. Alishusha sanduku, nami nikashuka nyuma yake, karibu kwa furaha.

Tulikuwa hatujalifungua vizuri lilipotokea lori nyuma yetu, limebeba magunia ya mahindi, linakwenda Kilosa. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, alisimama, akazima injini, akashuka. Alimsalimu baba, akachungulia ndani, akamwona mtoto.

"Kaka, huyu mtoto hayuko vizuri," alisema. "Mbele kuna nafasi. Nipe mama na mtoto niwawahishe hospitali, wewe utatukuta."

Mama alikuwa ameshamfunika mdogo wangu kwa kanga. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja chini, kandambili imegusa vumbi.

Baba akasema, "Ahsante sana, kaka, ila ni nusu saa tu. Nina kila kitu." Kisha akageuka akanitazama mimi. "Paipu ya chini ipo?"

"Ipo, baba," nikasema.

Niliiinua juu ili yule dereva aione.

Dereva alimtazama mama. Mama alimtazama baba. Wakati ule mwanamke hakumpinga mumewe mbele ya mgeni; mama aliurudisha mguu ndani ya gari. Lori likawashwa, likatupita taratibu kwa kukwepa mifereji, vumbi likatulia juu ya sufuria zetu.

Paipu ilifungwa kwa muda mfupi kuliko hata ile nusu saa. Tukajaza maji kutoka kwenye madumu, baba akawasha gari, na maji yakamwagika yote chini kana kwamba tumeyamimina barabarani. Pampu ya maji ilikuwa imevunjika, na feni iliyofungwa kwenye pampu hiyo ilipolegea ilikuwa imeikata rejeta yenyewe, mkato mrefu kama kidole. Pampu ya maji haikuwa kwenye sanduku. Nani hutembea na pampu ya maji?

Sasa ndipo nilipomwona baba akianza kuogopa, ingawa mikono yake iliendelea. Alijaribu sabuni. Alijaribu manjano, unga wote wa chupa, maji yakatoka ya njano. Alifunga mipira ya tyubu, mmoja juu ya mwingine. Alitoa kila kitu nilichokuwa nimempangia, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwepo. Jua lilitoka utosini likaanza kuinama. Hakupita gari. Mama aliita mara moja tu kutoka ndani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu yeyote, na nilipochungulia nikaona mikono ya mdogo wangu imekakamaa na macho yamegeuka juu.

Baiskeli ndiyo iliyopita. Mwanamume mmoja aliyetoka shambani na mzigo wa kuni. Hakuuliza maelezo. Alitupa kuni zake kando ya barabara, akamkalisha mama nyuma na mtoto kifuani, akaanza kukanyaga. Baba akakimbia nyuma yao. Alikuwa ameshafika mbali alipokumbuka, akageuka, akapaza sauti niingie garini nifunge mlango, nisimfungulie mtu.

Niliingia, nikafunga. Lakini baada ya muda nikaona vitu vya baba vimetapakaa barabarani, nikaona haifai. Nikashuka. Nikaokota kila spana, nikaifuta kwa tambara. Nikaosha chupa ya manjano kwa maji kidogo yaliyobaki. Nikakunja mipira ya tyubu kama alivyonifundisha, nikapanga vizito chini, vyepesi juu, ile paipu iliyopasuka nikaiweka pembeni ili asije akaichanganya. Nikafunga kifuniko. Kisha nikakaa kitandani nikisubiri warudi, anisifu.

Walirudi kabla giza halijaingia, wameletwa na pikapu ya watu wa jirani na hapo. Mama alikuwa amekaa nyuma, amempakata mdogo wangu aliyefunikwa kanga hadi usoni. Mtoto alikuwa amekata roho juu ya ile baiskeli, hospitali haijaonekana, na yule mwenye baiskeli aliendelea kukanyaga muda mrefu kwa sababu mama hakuwa na nguvu ya kumwambia asimame. Baba alishuka. Akaliona sanduku limefungwa, safi, lipo mahali pake. Alilitazama, akanitazama. Nilimwona akitafuta neno la kuniambia. Hakulipata siku ile, na nakuambia kweli, hakulipata hadi anaingia kaburini.

Mdogo wangu tulimzika Mamboya, kwa bibi. Kibasi kilivutwa hadi Kilosa, kikakaa uani hadi kuku wakataga ndani, kisha kikauzwa kwa vyuma chakavu. Baba alipata kibarua cha kulinda ghala. Hakushika tena spana. Watu waliojua ufundi wake walikuja kumwomba awatazamie magari yao, akawajibu kwamba hajui magari. Jirani yetu yule mzee naye akaacha kuja.

Mama hakunilaumu. Alinisuka nywele kama zamani, alinipakulia chakula kama zamani. Mara moja tu, nilipokuwa msichana mkubwa nikimsaidia kumenya mihogo, alisema bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha:

"Ungesema haipo, tungepanda lile lori."

Akaendelea kumenya. Nami nikaendelea. Nimeyageuza maneno hayo miaka yote hii nikitafuta mahali pa kuyapinga. Nilikuwa na miaka kumi, niliulizwa swali, nikajibu ukweli. Hayo yote ni kweli na hayanisaidii chochote.

Minada ile siku hizi si ile. Vyombo vya plastiki vimefika kila mlango kwa pikipiki, na nani tena analala kwenye gari ili auze birika? Bibi alitangulia, baba akamfuata, mama akamalizia. Wote waliomjua mdogo wangu, walioweza kusema alikuwa anapenda hiki, alikuwa anaogopa kile, wamekwisha. Nimebaki peke yangu, na hata mimi simpati vizuri. Hatukuwahi kumpiga picha. Nakumbuka alicheka, lakini kile kicheko chenyewe sikisikii.

Mwaka jana nilipanda Mamboya peke yangu kulitafuta kaburi lake. Boma la bibi wanakaa watu wengine, watu wema, walinikaribisha maji, lakini hawakujua kama kulikuwa na mtoto. Kaburi lilikuwa la udongo na mawe matatu; mawe hayapo, na mvua za miaka mingi zimeusawazisha udongo wote hadi kwenye shamba la mahindi. Nilihesabu hatua kutoka pale ninapodhani palikuwa na jiko, nikarudia kuhesabu, nikafika mahali tofauti. Nilisimama hapo kitambo na maua yangu mkononi. Sikujua kama nimesimama kando yake au juu yake.