Mama Alipoiombea Kinga Ipungue

Mdogo wangu aliporudi na dawa kutoka hospitali mjini Kisii, mama alishika neno moja tu katika yote aliyoelezwa: kwamba vidonge vile vinapunguza kinga ya mwili. Mama yangu amelea watoto, ndama na michai kule Itumbe, na hajawahi kusikia mgonjwa akipunguziwa kinga. Alivifungia kabatini. Ukimuuliza, anakujibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na mjadala umekwisha.

Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Akina mama wa kanisani walifuatana na chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, na wimbi la uji. Mmoja alileta unga kutoka soko la Marani ambao muuzaji aliapa kwamba unaongeza kinga maradufu. Mdogo wangu alikula na kunywa kila kitu, maana ukikataa cha mama, hapo nyumbani hakulaliki. Baada ya majuma machache vidole vilimvimba hata akashindwa kufunga vifungo vya blauzi, na upele wa mashavuni uliokuwa umeanza kufifia ukarudi. Niliogopa sana. Daktari alikuwa ametuonya kwamba lupasi, ule ugonjwa wake, ikiachwa bila dawa huweza kufika kwenye figo.

Nilimpandishia mama sauti, nami nikianza sinyamazi upesi. Mdogo wangu akanishika mkono, akaenda kukaa karibu naye jikoni.

"Mama, unamkumbuka yule mbwa wetu aliyeanza kutuuma sisi wenyewe? Ulimwongezea nyama?"

"Nilimfunga kamba."

"Basi kinga yangu ndiyo hivyo. Nguvu inazo tele, ila haimjui tena mwenye nyumba. Inauma ngozi yangu, inauma viungo. Wengine inawauma tezi ya shingo, wengine kongosho, wanapata kisukari. Hivi vidonge ndiyo kamba."

Mama alikoroga uji uliokuwa umeiva zamani.

"Na mimi nimekuwa nikiilisha," alisema.

"Hukujua, mama."

Alifungua kabati mwenyewe. Asubuhi tulirudi hospitali sote watatu, naye ndiye aliyemweleza daktari kilichotokea, bila kujificha nyuma ya mtu. Dawa zikaanzishwa upya.

Ijumaa ile, jua lilipozama, tulikaa sebuleni kuipokea Sabato. Mama ndiye aliyeomba, kwa Kigusii, na hakuwa na haraka.

"Bwana, ulimpa mtoto huyu kinga, nayo imezidi ukali. Ipunguze. Usiiondoe yote, maana homa bado zipo. Iambie tu kwamba huyu ni wetu."

Mdogo wangu aliitikia amina. Mimi nilishindwa, nilikuwa nalia.