Mkono Uliojifunza Upande wa Nyuma wa Bomba

Saa moja kasorobo asubuhi, fundi bomba mmoja amelala chali chini ya sinki la ghorofa ya tatu. Miguu iko nje, kichwa kiko ndani, kama mtu aliyemezwa nusu na kabati.

"Bomba nililofunga mimi," anasema kutoka humo ndani, "hata pumzi haipiti. Andika hivyo hivyo."

Mwandishi wa makala haya, ambaye kazi yake ni kutazama wala si kugusa, na ambaye hujisifu kwamba hajawahi kutia mkono katika habari ya mtu, anaandika hivyo hivyo. Kabla hajaweka nukta, tone la maji linaanguka daftarini. Neno "pumzi" linageuka doa la bluu.

Mwandishi anainua macho darini.

"Hilo linatoka ghorofa ya juu," anasema fundi.

"Ghorofa ya juu hawajaunganishiwa maji," anajibu mpaka rangi aliye kwenye ngazi, bila hata kugeuza shingo.

Saiti nzima inamwita Kiwiko. Sababu ni kile kipande cha bomba kilichopinda ambacho hakikosekani mfukoni mwake. Wenzake wanaongeza nyingine: kwamba ukimuuliza swali lililonyooka, jibu lake lazima likate kona. Ana miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na tisa amefunga mabomba katika nyumba za watu, shule, zahanati, na hoteli ambazo leo haruhusiwi kuingia hata kunawa mikono.

Cheti hana. Hajawahi kuulizwa kama anacho, mpaka mwezi huu.

Mkandarasi amebandika tangazo kwenye mlango wa stoo. Kuanzia mwisho wa mwezi, asiye na cheti hatashika spana, atabeba. Fundi mwenye cheti hulipwa kwa siku moja kile anacholipwa mbebaji kwa siku tatu. Kiwiko ana mke, watoto watatu, na mama mkwe ambaye, kwa maneno yake fundi mwenyewe, "anakula kwa heshima, lakini anakula."

Lakini kinachomnyima usingizi si chakula cha mama mkwe. Mtu ambaye Kiwiko atambebea mabomba ni Soketi, kijana aliyekuwa msaidizi wake miaka mitano iliyopita, akaenda chuo, akarudi na karatasi.

"Simchukii," anasema Kiwiko. "Nilimfundisha mwenyewe kushika spana. Ila kumwita yeye 'Fundi' mbele za watu, ulimi utaota malengelenge."

Soketi anapita wakati huo huo na mkanda wa kupimia kiunoni. "Usijali, Fundi," anasema. "Nitakupa yale mepesi."

Watu wanacheka. Kiwiko naye anacheka. Ndiye wa mwisho kuanza na wa kwanza kunyamaza.

Mlango uliobaki ni mmoja. Kuna mpango wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini. Huhitaji kuwa umekaa darasani. Unakuja na mikono yako, unafanya kazi mbele ya mtahini, na ukipita unapewa cheti kile kile cha mwenye chuo. Ukianguka, unapewa wiki mbili za mazoezi ya jioni, bure, kisha nafasi ya pili. Ya tatu ni mpaka mwakani.

Mara ya kwanza Kiwiko alikwenda kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake posta. Viungo vinne vya bomba la chuma, kisha bomba linajazwa maji kwa presha, na mshale wa geji unatakiwa usimame nusu saa bila kushuka.

Ulishuka dakika ya kumi na moja.

"Tepu unaizungusha kinyume," aliambiwa na mtahini, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba. Anazungumzia ile tepu nyeupe ambayo fundi huviringisha kwenye nyuzi za bomba, ile mikato ya mwishoni, ili maji yasipenye. "Inatakiwa ifuate upande wa kukazia. Yako inakwenda upande wa kufungulia. Kila ukikaza, yenyewe inajikunjua."

Kiwiko alibisha. Alibisha kwa nguvu za miaka kumi na tisa.

"Nilimuuliza, tangu lini tepu ikawa na mbele na nyuma? Hii ni tepu, mama, siyo suruali."

Mama yule hakucheka. Alimuuliza swali moja tu: nani alikufundisha, na wewe ulikuwa umesimama wapi?

Hapo ndipo Kiwiko alipokaa chini.

Aliyemfundisha ni marehemu sasa. Alikuwa fundi hodari na mchoyo wa maarifa kwa kiwango hicho hicho. Nafasi ya msaidizi ilikuwa moja: mkiani mwa bomba, kulishikilia lisizunguke, wakati bwana mkubwa yuko kule mwisho wa pili, kwenye nyuzi, anafanya mambo yake.

"Ukisogea ubavuni kwake uone vizuri, unapata kofi la kisogo," anakumbuka Kiwiko. "Anakuuliza, 'Umeitwa kushika au kusoma?' Basi unarudi mkiani. Hakunifundisha yule mzee. Nilimwibia kwa macho."

Miaka mitatu aliiba. Aliiba kila kitu, hata namna ya kutema mate kabla ya kukaza. Lakini mkono unaozunguka kulia, ukiutazama kutoka nyuma ya bomba, unauona unazunguka kushoto. Siku alipoachiwa spana yake mwenyewe, akasimama kwenye nyuzi, akafanya kama alivyoona.

Basi kwa nini nyumba za watu hazikugeuka mabwawa? Kwa sababu Kiwiko ni mtu wa kuzidisha. Panapotosha mizunguko kumi yeye huweka thelathini, juu yake katani, juu ya katani rangi. Viungo vyake vinafanana na goti la mtu aliyeanguka na baiskeli. Vingi vilishika. Vingine havikushika, na sasa usiku anavihesabu.

"Palikuwa na bibi mmoja aliniita mara nne kwa bomba moja. Mara nne! Nikamwambia nyumba yake ina presha, kama ni mgonjwa vile." Anafuta uso kwa kofia. "Na kuna muuza vifaa sijamsalimia miaka sita. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake, kwamba anauza mabomba yenye nyuzi mbovu. Mabomba yake hayakuwa na kosa."

Wiki iliyopita alipita dukani kwake akamsalimia. Muuza duka aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akamtazama, akauliza, "Kwani nani amekufa?"

Mazoezi ya jioni ameyahudhuria yote. Akirudi nyumbani anaendelea. Sebuleni kwake, chumba ambacho pia ni jiko na pia ni chumba cha kulala watoto, amechukua ufagio wa mpini mrefu na anauvisha tepu. Mtahini ni bintiye wa mwisho, mwenye miaka tisa, aliyekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kinyume, baba."

"Hapa je?"

"Hapo sawa. Sasa fanya haraka haraka." Anafanya haraka haraka. "Kinyume tena, baba."

"Baba watoto," anasema mkewe akiwa anatafuta pa kupita, "ufagio wangu unavuja lini na wapi? Mbona umefungwa bandeji?"

"Wewe ucheke. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi mwenzako nilishakauka, na chumvi juu."

Ndivyo ilivyo. Akiwa ametulia, akitazama, mkono unakwenda sawa. Akishtuliwa, akiharakishwa au akitazamwa, unarudi kwa yule mzee mkiani mwa bomba. Mkewe anasema siku hizi hata usingizini vidole vyake vinazunguka. Kiwiko hajauliza vinazunguka upande gani, anaogopa kujua.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, watahiniwa sita wako kwenye karakana ya kituo. Sakafu ya saruji imelowa, mama wa usafi amesimama mlangoni na dekio lake akingoja maji yatakayomwagika. Mwandishi amepewa kiti ukutani, hatua tatu kutoka kwenye meza ya Kiwiko.

Mtahini anasoma kanuni bila kupandisha sauti. "Atakayesaidiwa kwa neno, kwa kidole au kwa ishara yoyote, ameanguka. Nafasi nyingine ni mwakani."

Kiungo cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Kiwiko anahema kama mtu anayepanda ngazi na tangi mgongoni.

Kwenye cha tatu, spana ya jirani yake inaponyoka na kupiga sakafu, *ngaa!* Kiwiko anaruka. Anachukua tepu. Mkono unaondoka wenyewe: mzunguko mmoja, miwili, mitatu, yote kinyume. Mtahini yuko meza ya mwisho, amewapa mgongo. Karakana iko kimya, ukiacha kikohozi cha hapa na pale; vumbi la saruji halina adabu.

Mkono unasimama.

Kiwiko anautazama. Anaikunjua tepu yote, anaitupa chini, anaanza upya, polepole, upande wa kukazia. Kiungo cha nne kinakwenda kama maji.

Bomba linajazwa. Mshale unapanda na kusimama. Dakika ya kumi na moja inapita. Ya ishirini inapita. Ya thelathini inapofika, mtahini anagonga kioo cha geji kwa ukucha, mshale hautikisiki.

"Umepita," anasema. "Cheti chako ndani ya wiki mbili."

Ukumbini nje, Kiwiko anampigia mkewe simu. Yanatoka maneno manne tu yenye maana: "Mwambie mama yako ale."

Kisha anamgeukia mwandishi na kueleza mpango wake. Atanunua jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania bomba. "Jiliwa ndilo litakaloshika mkia," anasema. "Msaidizi wangu atasimama hapa, ubavuni kwangu, bega kwa bega. Akitaka kuona, aone. Sitaki mtu aniibie tena kitu kilichogeuka."

Na pale kwenye kiungo cha tatu, ni nini kilimkumbusha?

"Mkono wenyewe!" Anauinua juu, vidole vimepanuka, kama mzazi anayemwonyesha mtoto aliyeshinda. "Miaka kumi na tisa unanikaidi. Leo umesimama wenyewe. Umejua!"

Mama wa usafi ametoka na dekio lake.

"Hongera, Fundi," anasema. Kisha anamgeukia mwandishi. "Na wewe mwanangu, kamwone daktari. Una kikohozi cha ajabu. Kinakuja mtu akikosea tu."

Mwandishi anasema ni vumbi.

"Vumbi? Sakafu hiyo nimeimwagia maji tangu alfajiri."

Mkono wa Kiwiko bado uko juu. "Ulikohoa?"

"Mara mbili," anajibu mama badala ya anayeulizwa. "Ya kwanza hukuisikia, akaongeza ya pili, nzito."

Kiwiko anaushusha mkono taratibu. Anautazama mbele na nyuma, kama kiungo kilichofungwa na fundi mwingine. Anatia simu mfukoni. Anarudi hadi kwenye mlango wa ofisi ya mtahini, anagonga, anaingia, anaufunga nyuma yake.

Mama wa usafi anakamua dekio lake ndooni, tone kwa tone, akimtazama yule ambaye kazi yake ni kutazama wala si kugusa.

"Haya," anasema. "Kohoa sasa."